Kale, zamani au kisasa: namna ya kuchagua samani za nyumba bila kuuziwa hadithi

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua kasha la njumu Unguja. Muuzaji alinihakikishia kwamba lilikuwa la bibi mzaa babu yake, kwamba lilikuja na jahazi kutoka Bombay, na kwamba analiuza kwa shida tu. Kasha lenyewe lilikuwa jeusijeusi, limejaa misumari ya shaba yenye vichwa vya duara, lina saraka (droo) tatu chini, na ukifungua kifuniko unapokewa na harufu nzito ambayo mimi niliamua ni harufu ya miaka. Nikalipa, nikavuka nalo kwa boti hadi Dar es Salaam, nikalipeleka kwa fundi wa mtaa wa Keko anikazie bawaba moja iliyolegea. Fundi akaifungua bawaba, akachungulia, akaniita. Chini yake palikuwa na skrubu ya kichwa cha nyota.

"Dada," akasema, "hili kasha halijazeeka. Limezeeshwa."

Skrubu ya nyota, ile inayofunguliwa kwa bisibisi yenye ncha ya msalaba, iliingia sokoni Marekani miaka ya 1930. Kwa hiyo ama bibi huyo alikuwa mbele sana ya wakati wake, ama kasha lilichongwa juzi. Ile harufu niliyoiheshimu ilikuwa ya majani ya chai yaliyochemshwa na rangi ya viatu. Tangu siku hiyo sinunui kitu cha mbao kabla sijakigeuza miguu juu, na karibu yote ninayoandika hapa yametokana na kugeuza huko.

Kwanza tuelewane maneno

Kiswahili kimetusaidia: kale si sawa na zamani. Wauzaji wengi duniani, na forodha za nchi kadhaa, huita kitu cha kale kikishatimiza miaka 100. Kwetu pwani hapo ndipo wanapoingia makasha ya njumu ya kweli, vitanda vya samadari, viti vya enzi vyenye mgongo ulionyooka na kamba nyeupe zilizosukwa, na baadhi ya viti vya henzerani. Za zamani ni zile za kati, tuseme za miaka 30 hadi 100: makochi ya mbao yenye mito ya kutoa yaliyojaa nyumba za serikali, meza za fomaika, makabati ya vyombo yenye vioo vya kuteleza. Za kisasa ni za leo, ziwe zimetoka kiwandani kwenye boksi au kwa seremala wa mtaani.

Ukiniuliza pesa yako iende wapi, nitakujibu bila kusita: za zamani. Zilitengenezwa wakati magogo makubwa ya mninga na mvule yalipatikana bila taabu, na kwa kuwa hakuna anayeziita za kale, hakuna anayekutoza bei ya jina. Watu wanazitoa nyumbani ili wapishe sofa jipya. Ziko kwenye minada, kwa watu wanaohama, na nyuma ya nyumba za wazazi wetu, zimefunikwa turubai.

Hatua ya 1: Pima chumba kabla hujapenda kitu

Nyumba za mawe za Lamu na Unguja zina vyumba virefu vyembamba. Dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa sana bila kupinda, hivyo upana wa chumba ulikuwa wa mita 3 hivi au pungufu, huku urefu ukienda utakavyo na dari ikipanda juu. Samadari ilitoshea humo: kitanda kirefu chenye nguzo nne na paa, ambacho baadhi ya watu walikipandia kwa kibago, yaani kigoda kidogo. Ukikileta kwenye chumba cha leo cha mita 3 kwa 3, chenye dari ya mita 2.7 na feni katikati, nguzo zitakaribia dari na feni itakuwa inapuliza paa la kitanda. Nimeona mtu akikata nguzo za samadari kwa msumeno ili iingie. Sikuwa na la kusema.

Basi chukua futi kamba, andika kwenye daftari:

Upana wa mlango wa mbele, wa chumba, na wa kona ya ngazi kama unakaa ghorofani. Samadari na makabati mengi ya kale hufunguka vipande. Sofa la kisasa halifunguki.

Urefu wa dari, na feni inashuka hadi wapi.

Nafasi ya kupita. Sentimita 75 ni ya mtu mmoja, 120 hivi ni ya watu wawili kupishana. Kati ya kochi na meza ya chai acha 40 hadi 45.

Meza ya kulia huwa na kimo cha sentimita 75 hivi na kiti chake 45. Ile tofauti ya 30 ndiyo inayokufanya ule bila kuinama. Kila mlaji ahesabiwe sentimita 60 za ukingo. Viti vya zamani mara nyingi ni vifupi zaidi kwa sababu miguu iliyooza kwa maji imeshakatwa, tena zaidi ya mara moja. Pima, usikadirie kwa macho.

Kwa kitanda, godoro ndilo linaloamua. Sisi tunanunua magodoro ya futi 4 kwa 6, 5 kwa 6, 6 kwa 6. Vitanda vya kale havikuyajua magodoro hayo. Ukikuta samadari ya upana wa futi 4 na nusu, jua kwamba godoro utalikatisha kwa oda, na ingiza gharama hiyo kwenye bei. Faida yake ni kwamba nguzo nne zinabeba chandarua vizuri kuliko msumari wowote wa ukutani.

Hatua ya 2: Zizoee mbao

Huhitaji kuwa na msitu mzima kichwani. Mbao tano sita zinatosha.

Mvule ukiwa mpya huelekea unjano, kisha hukolea hadi kahawia kadiri miaka inavyopita, na mchwa hawaupendi. Mninga una mistari ya kahawia na wekundu, na sifa yake kubwa ni utulivu: ukishakauka haujikunji wala kupasuka ovyo, ndiyo maana droo ya mninga ya miaka 50 bado inateleza. Mkongo ni mzito, mwekundu wa kahawia, na ndio kipenzi cha milango. Mtiki, ambao wengine huuita msaji, una mafuta yake ya asili. Ulikuja pwani kutoka India, na Tanzania sasa tunaupanda, kuanzia Longuza kule Muheza hadi bonde la Kilombero. Mpingo ni mweusi na huzama majini. Halafu kuna paini ya Sao Hill, Mufindi: nyepesi, yenye mafundo, haina ubaya wowote ikiwa umeuziwa kama paini.

Tatizo ni kuuziwa paini kwa jina la mninga. Rangi ya mbao siku hizi inafanya miujiza. Dawa yake ni sehemu isiyoonekana: chini ya meza au ndani ya mguu kwaruza kidogo kwa ncha ya ufunguo. Kama chini ya ule wekundu kuna weupe, umepata jibu. Kisha tazama ukingo. Kwenye ubao halisi, mistari unayoiona juu inashuka na kutokea ukingoni, kama mkate uliokatwa. Kama juu kuna mistari mizuri na ukingoni kuna ukanda uliobandikwa wenye mistari yake yenyewe, hapo ni karatasi ya mbao juu ya MDF au chipubodi, yaani mbao za unga au vipande vya mbao vilivyogandamizwa kwa gundi. Uzito peke yake usikudanganye, maana MDF nayo ni nzito.

Hatua ya 3: Geuza

Hapa ndipo pa kutumia muda. Nenda na tochi ya simu, sumaku ndogo, futi kamba, na mtu wa kukusaidia kunyanyua. Muuzaji mwema atakusaidia yeye mwenyewe. Anayekuambia "usijisumbue, dada, hiyo iko safi," huyo ndiye wa kugeuziwa haraka zaidi.

Anza na droo, au mtoto wa meza kama wasemavyo watu wa pwani. Itoe nzima. Tazama pale ubavu unapokutana na uso. Kwenye kazi ya mkono kuna meno ya mbao yanayoingiliana, makubwa kwa madogo, mengine yamekaa upande kidogo. Fundi aliyapima kwa jicho. Meno yaliyolingana kama ya kitana ni ya mashine. Yakiwa hayapo kabisa, pana stapla au misumari tu, basi ni kazi ya haraka, ya mwaka wowote ule. Sasa igeuze droo utazame tumbo lake. Ubao mzima mmoja au miwili ni dalili nzuri ya umri. Plaiwudi inakuambia kitu ni cha karne ya 20 au baadaye, au kimebadilishwa tumbo. Tazama na zile kingo za chini zinazoteleza. Kama droo imefunguliwa kwa miaka 80, kingo zimelika, na zimelika zaidi upande wa nyuma.

Kulika ndiko kunakowaumbua waongo. Kitu kilichotumika kinachakaa pale mkono, kisigino na kiuno vinapogusa: ncha za mikono ya kiti, upao wa chini wa mbele ambapo watu hupumzisha miguu, kando ya tundu la ufunguo. Kasha langu lilikuwa limechakaa kila mahali kwa usawa, hata mgongoni, ambako kwa miaka yote hiyo lingekuwa limeegemea ukuta. Nani alikuwa analisugua mgongo?

Lala chini sasa, tafuta alama za msumeno upande ambao hakuna aliyejisumbua kuupiga randa. Msumeno wa kuvutwa na watu wawili huacha mikwaruzo iliyonyooka ila haijalingana, msumeno wa duara huacha mapinde. Mapinde hayamaanishi uongo, maana mashine hizo zina umri wake, lakini mtu akikuambia kitu ni cha mwaka 1750 na chini yake kuna mapinde, mshukuru kwa hadithi.

Kama ni meza ya duara, ipime mara mbili: kufuata mistari ya mbao, kisha kuikata mistari. Mbao husinyaa kwa upana, karibu haisinyai kwa urefu. Duara la miaka 100 huwa limeacha kuwa duara kwa milimita kadhaa. Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu ni taabu sana kukighushi.

Sumaku ni ya kupimia shaba. Shaba haivutwi. Njumu, komeo na pembe za kasha zikiivuta sumaku, ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na kwa chumvi ya hewa ya pwani kitaota kutu ndani ya mwaka. Na kama bawaba inafunguka, omba ifunguliwe skrubu moja tu. Mimi sikuomba.

Rangi ya juu nayo inasema. Vitu vingi vya kale vilipakwa shelaki, ambayo hulainika ikiguswa na spiriti. Chovya pamba, gusa mahali pa siri: ikinata na kuacha rangi ya kahawia kwenye pamba, kuna uwezekano mkubwa ni shelaki. Vanishi ya kisasa haitashtuka.

Kwa vitu vyenye ghorofa mbili, kama kabati la vyombo lililokaa juu ya meza ya droo, hakikisha vimezaliwa pamoja. Linganisha migongo: mbao zile zile? Unene ule ule? Misumari ya aina moja? Kuoanisha kichwa cha kabati moja na miguu ya jingine ni biashara ya siku nyingi, na si dhambi ukiambiwa na bei ikashuka.

Nikigusia viti: kiti cha mbao za kupindwa kwa mvuke, chenye kalio la kusukwa, ambacho utakiona kwenye nyumba na migahawa ya Unguja, chimbuko lake ni kiti namba 14 cha Michael Thonet wa Vienna, cha mwaka 1859. Kiliundwa kwa vipande sita, skrubu kumi na nati mbili, na viti 36 vilivyofunguliwa vilienea kwenye sanduku la mita moja ya ujazo. Ndiyo siri ya kusafiri kwake. Nakala zake ni nyingi mno, basi chungulia chini ya kalio kama kuna muhuri au mabaki ya karatasi ya kiwanda. Pasipo na kitu, lipa bei ya kiti kizuri tu.

Kwa kiti chochote, cha umri wowote: kalia, jitingishe mbele na nyuma, sikiliza. Kiti kinacholia kidogo kina gundi iliyokauka na hicho hutengenezeka kwa saa moja. Kiti kinachoyumba na kuonyesha misumari mipya kwenye maungio kimeshauawa na fundi aliyetangulia, kwa sababu msumari unapasua ule ulimi wa mbao unaoingia kwenye tundu, na ulimi ukishapasuka inabidi uchongwe upya.

Ukimaliza, usimuulize muuzaji "hiki cha mwaka gani?" Atakutajia mwaka. Muulize kilitoka nyumba gani, nani alikitengeneza mara ya mwisho, na kipi kimebadilishwa.

Hatua ya 4: Usiingize bungua nyumbani

Huyu mdudu alinigharimu zaidi ya lile kasha. Nilileta kabati zuri la zamani, nikaliweka chumbani siku hiyo hiyo. Baada ya miezi kadhaa nikaona unga mweupe chini ya kitanda, laini kama wa ngano, na kila nikiufagia asubuhi unarudi.

Bungua hutoboa matundu ya milimita 1 hadi 2. Tundu kuukuu lina giza na vumbi ndani. Tundu jipya lina rangi ya mbao mbichi na unga ukining'inia mdomoni. Wengi hupenda ile mbao nyeupe ya nje ya gogo, yenye wanga, na kuacha kiini. Ndiyo maana kwenye mninga utakuta ukingo mweupe umekuwa kama chujio na sehemu nyekundu haijaguswa. Fundi anayekuwekea mbao nyeupe ili kupata upana anakuwekea chakula cha bungua.

Kwa hiyo kila kitu cha mbao kilichotumika kikae karantini. Kiweke barazani au stoo juu ya kitambaa cheusi kwa wiki tatu au nne, ukigonge mara kwa mara kwa kiganja. Unga ukidondoka juu ya weusi utauona. Kitu kidogo, kama kibago au kisanduku, kifunge vizuri kwenye plastiki ukiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha kiache kipate joto la chumba kikiwa bado ndani ya plastiki. Kikubwa kinahitaji mtu wa kufukiza, au dawa ya boraki kupakwa kwenye mbao zisizo na rangi. Mafuta ya taa yaliyozoeleka huua wale yanaowafikia, yanaacha harufu miezi, na yanalifanya kabati lishike moto kwa urahisi. Juani usilianike kabati la kale: litapasuka kabla bungua hajasikia joto.

Mchwa ni hadithi nyingine. Wao hutoka ardhini na hujenga vijia vya udongo. Ukiwaona, tatizo ni la nyumba, si la kabati.

Hatua ya 5: Hesabu bei nzima

Bei ya kitu, usafiri, matengenezo, mito mipya. Mimi nikiona matengenezo yanakaribia nusu ya bei ya kununua, huacha, isipokuwa kama ni mpingo au moyo umeshanitoka. Piga picha za maungio umtumie fundi wako kabla hujaanza kupatana. Wauzaji wa pwani wanajua kupatana kuliko wewe, na kitu pekee kitakachokusaidia ni kujua kasoro kwa jina.

Kitu cha kale kweli usikipige msasa. Ule ung'avu wa miaka mingi ndio nusu ya thamani yake, na haurudi. Futa vumbi, paka nta, kaza kilicholegea, basi. Cha zamani unaweza kukivua rangi utakavyo, ila kwa kitu kilichopakwa rangi miaka mingi nyuma usisugue kikavu ndani ya nyumba yenye watoto: rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu. Tumia dawa ya kuvulia rangi, nje, na uso umefunikwa.

Hatua ya 6: Ukinunua kipya

Cha kiwandani kwanza, kwa ufupi. MDF na chipubodi havina kosa, kosa ni maji. Sisi tunapiga deki kila siku kwa maji mengi, na kabati la MDF lililokaa sakafuni linakunywa. Ndani ya mwaka utaona miguu imevimba kama mkate kwenye chai. Lazima liwe na viguu vya plastiki au chuma vya sentimita kadhaa. Kama halina, viweke siku ya kwanza.

Kwa seremala, Keko au Ngong Road Nairobi, mambo ni mazuri zaidi ukijua la kuagiza. Nenda na mchoro wenye vipimo, hata wa kalamu. Andikianeni aina ya mbao, aina ya maungio, na kwamba mbao nyeupe haitakiwi. Uliza mbao zimekaa muda gani tangu kupasuliwa. Kwa kukausha hewani, hesabu ya mafundi wengi ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Mbao mbichi inatengeneza kitu kizuri sana ambacho kinajikunja ukishakilipa. Kama unaagiza Dar es Salaam upeleke Dodoma, au chumba chako kina kiyoyozi, jambo hili ni zito mara mbili kwa kuwa hewa kavu itamaliza kuikausha ndani ya nyumba yako.

Malipo: toa ya vifaa, bakiza ya maana. Na kwa sofa, weka sharti moja, kwamba utakuja kuliona likiwa mifupa, kabla ya sponji na kitambaa. Siku hiyo ndiyo utajua kama fremu ni mbao ngumu au ni vipande vya maboksi ya mizigo vilivyounganishwa, kama kona zimewekewa vishikizo vya pembe tatu, na kama chini kuna springi au mikanda iliyovutwa vizuri. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza fundi alinitazama kama niliyeomba kuona nguo zake za ndani. Mara ya pili alinipigia simu mwenyewe. Sponji ya makalio iwe ya kuanzia kilo 30 hivi kwa mita ya ujazo. Ukikandamiza kwa goti isikufikishe kwenye mbao.

Hatua ya 7: Kuzikalisha pamoja

Kanuni yangu ni chumba kimoja, mzee mmoja. Kasha moja, au kiti cha enzi kimoja, au samadari moja, na vingine vimpishe. Sebule yenye kasha, meza iliyotengenezwa kwa mlango wa nakshi, taa za Kiarabu na viti vinne vya enzi inakuwa mapokezi ya hoteli ya watalii, na wageni watakaa wakisubiri funguo. Nyumba za kale zenyewe hazikuwa zimesongamana. Uzuri mwingi ulikuwa kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na vyombo vya Kichina ndani yake. Aliye Lamu aingie Makumbusho ya Nyumba ya Kiswahili akatazame ni vitu vichache kiasi gani vinajaza chumba. Kuviangalia vya kweli nusu saa kutakunoa jicho kuliko maelezo yangu.

Viti vya umri tofauti vinakaa pamoja bila ugomvi kama makalio yake hayapishani kwa zaidi ya sentimita 5. Rangi za mbao zisizidi mbili kwa chumba. Kitambaa kimoja, kikoi au kitani, kikirudiwa kwenye mto wa kochi la zamani na kwenye sofa jipya, kinafanya udugu ambao fundi hawezi kuufanya.

Ukiwa unasafirisha nje

Ndugu zetu wa Muscat, London na Toronto hupenda kubeba kumbukumbu. Kabla ya kupakia, jua haya. Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya 1940 zinalindwa; hazitoki bila kibali. Zanzibar ina sheria zake. Kenya, kwa sheria ya makumbusho na urithi ya 2006, huhesabu kuwa vya kale vitu vya kabla ya 1895, na milango ya nakshi ya kabla ya 1946 nayo inalindwa. Mpingo unahitaji karatasi za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe na mimea iliyo hatarini, tangu 2017. Pembe za ndovu ndizo hatari kuu, maana viti vingi vya enzi vina nakshi zake: biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa 1989, na Uingereza ilianza kutekeleza sheria yake kali Juni 2022. Nakshi ikiwa na vidoto vidogo vyeusi, huenda ni mfupa tu. Mpe mtaalamu aione, usibahatishe uwanja wa ndege.

Kutunza

Nta mara mbili kwa mwaka inatosha, kwa kitambaa kikavu. Vizuie vitu visikae kwenye jua la dirishani wala chini ya mdomo wa kiyoyozi. Njumu zisafishwe kwa ndimu na chumvi kidogo sana, kwa kijiti cha pamba, isiguse mbao, kisha zifutwe kwa kitambaa chenye maji na kukaushwa hapo hapo.

Kasha langu lipo bado, naweka mashuka ndani. Ni mbao nzuri. Ningelipenda hata kwa bei yake halali. Na chumba cha wageni kuna kile kitanda cha kamba ambacho watu wa pwani wamekipa jina lenye maelekezo yote ya matunzo ndani yake: teremka tukaze. Kila baada ya miezi michache kamba hulegea na mgeni huanza kulala katikati kama ndani ya ngalawa. Basi anateremka, tunavuta kamba kuanzia kichwani kwenda miguuni, watu wawili, mmoja akishikilia kwa kipande cha mti kamba isiteleze, na jioni hiyo kinalia kama ngoma ukikipiga kiganja.